Kaa Hapo Hapo

Je, kukaa ni kufanya jambo? Najua swali lenyewe linanuka kijiwe, la mtu aliyekosa kazi akaamua kuchezea maneno. Mtu aliyekaa amekaa, bwana; anayefanya ni yule aliyesimama! Ukiniambia nikungoje kwenye benchi la kituo cha basi hujaniomba jasho wala pesa. Umeniomba nisifanye lolote, na kutofanya lolote hakuna bei. Ndivyo tunavyofikiri wengi wetu, na ndivyo wanavyofikiri zaidi wale ambao kazi yao ni kuwaambia wengine wakae.

Lakini wapo watu ambao nusu ya kazi yao ni kwenda na nusu ni kukaa, na hiyo nusu ya pili ndiyo inayowamaliza. Nawasema madereva wa malori ya masafa marefu. Tukiwafikiria huwa tunawaona barabarani, mkono dirishani, vumbi nyuma. Hatuwaoni saa nane za usiku, gari limezimwa, kioo kimejaa ukungu, na mtu amejikunja nyuma ya kiti kama jongoo aliyeguswa.

Nina kisa kimoja cha kweli, na nitakisimulia kirefu kidogo kwa sababu sijaona kingine kinachouliza swali hili vizuri zaidi. Hakikutokea kwetu. Kilitokea Marekani, katika jimbo la Illinois, mwezi Januari 2009. Dereva aliitwa Alphonse Maddin na mwajiri wake alikuwa kampuni ya uchukuzi iitwayo TransAm. Kama saa tano za usiku alisimama pembeni mwa barabara kuu, geji ya mafuta imelala chini kabisa, na kituo alichotakiwa kujazia hakukiona. Dakika kumi baadaye alipotaka kuondoka, tela likagoma. Baridi ilikuwa zaidi ya digrii 20 chini ya sifuri na breki za tela zilikuwa zimekamata. Kwa wasiojua, breki za malori makubwa huachiwa kwa nguvu ya upepo. Upepo usipofika, springi hukaba magurudumu, na hapo hata mkiwa watu hamsini hakuna kusukuma.

Saa tano na dakika 17 akapiga simu kwa watu wa matengenezo wa kampuni yake. Akaambiwa fundi atatumwa, angoje. Akiwa anangoja akagundua kwamba kile kimtambo cha pembeni, kinacholeta joto na umeme kebini wakati gari limeegeshwa, nacho hakifanyi kazi. Akasinzia. Kilichomwamsha, saa saba na dakika 18, ni simu ya binamu yake, ambaye baadaye alieleza kwamba Maddin alikuwa akikokota maneno. Kifua kilikuwa kimekufa ganzi na miguu haisikii kitu. Akapiga tena simu kazini kueleza hali yake. Akaambiwa avumilie. Akavumilia kama nusu saa nyingine, halafu akashuka, akafungua tela, akapanda tena kwenye kichwa chake tayari kuondoka.

Msimamizi akamkataza kwa simu. Ama aondoke pamoja na tela, ama akae nalo hapo hapo hadi fundi afike. Kuondoka nalo maana yake ni kuliburuta kwenye lami breki zikiwa zimekaba. Maddin akaliacha, akaenda. Hakufika mbali: hazikupita dakika 15 fundi akawa amewasili, naye akageuza akarudi kwenye tela lake. Wiki haikuisha akafukuzwa kazi. Kosa: ametelekeza mzigo.

Kesi ilipanda ngazi kwa miaka. Ndani ya Idara ya Kazi ya nchi yao ikaamuliwa kwamba amefukuzwa isivyo halali. Kampuni ikakata rufaa, na mwaka 2016 jambo likafika mbele ya majaji watatu. Wawili walimpa Maddin haki. Wa tatu, Neil Gorsuch, alikataa. Mwaka uliofuata Gorsuch alipandishwa hadi mahakama ya juu kabisa ya Marekani, lakini kabla ya kuthibitishwa maseneta walimkalisha kitako wakamuuliza habari za dereva huyu.

Sheria iliyobishaniwa inasema, kwa ufupi, kwamba ni marufuku kumfukuza dereva aliyekataa kuendesha gari kwa kuhofia hatari. Gorsuch akasema: sawa, lakini huyu hakukataa kuendesha. Aliendesha! Aliyekataa kuendesha angekaa. Kampuni ilimwachia njia moja halali, ile ya kukaa na kungoja, hata kama haikuwa ya kupendeza. Kama uamuzi wa kampuni ulikuwa wa busara au wa huruma, hilo kwake halikuwa swali la jaji.

Usimcheke haraka. Mimi hoja hii naiheshimu kuliko ninavyotaka. Jaji anayeipinda sheria leo kwa huruma ataipinda kesho kwa hasira, na mnyonge ndiye wa kwanza kuumia sheria inapogeuka kuwa mpira. Wale majaji wawili nao hawakusema tu “masikini dereva wa watu”. Walikubali kwamba kuendesha ni kulitumia gari kwa namna uliyoagizwa, na Maddin aliagizwa ama aburute ama akae, akakataa yote mawili. Kwa hiyo alikataa.

Nilijaribu kuitafsiri mizani hii kwa Kiswahili, kama zoezi tu, na hapo ndipo iliponichezea. Kitenzi chao kimoja kinabeba kuendesha, kutumia na kuhudumia mtambo. Sisi tunasema kuendesha, yaani kukifanya kitu kiende. Gari lisilokwenda haliendeshwi. Kwa Kiswahili, basi, Gorsuch anashinda upesi zaidi: alikwenda, kaendesha, kwisha maneno. Lakini mpigie simu dereva aliyekwama siku ya tatu kwenye foleni ya Tunduma umuulize anafanya nini. Hatakwambia “sifanyi kitu”. Atakwambia “niko na gari”. Ati niko na gari! Husikii mtu akisema niko na kiti, au niko na ukuta. Tunasema niko na mtoto, niko na mgonjwa. Katika hiyo “na” kuna ulezi ambao kitenzi cha kuendesha hakiujui, na nyinyi mnaotaka kuandika hadithi, viokoteni vijineno kama hivyo kabla hamjaanza kuwinda misamiati mizito.

Hilo neno “niko na gari” nililichukua kwa mjomba wangu. Aliendesha semi kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka mingi, njia ya zaidi ya kilomita 900, na likizo moja ya Julai alinibeba kama utingo wa bandia. Tulilala Makambako. Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake hauna adabu. Sisi wa pwani tunafikiri baridi ni kitu cha kwenye filamu. Usiku wa kipupwe kule juu huteremka chini ya digrii 10, na kebini ya lori ni sanduku la bati. Si baridi ya Illinois, haigandishi breki. Lakini inaingia kwenye mifupa ikakaa, kama mgeni asiyeaga.

Kabla ya kulala mjomba alizima kila kitu. Taa, feni, na redio ambayo mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimepata stesheni.

“Mjomba, redio tu jamani?”

“Hiyo hiyo redio, mjomba.”

Akanipa darasa. Lori linatumia volti 24, na hizo zinapatikana kwa betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine. Redio ni ya volti 12. Fundi umeme wa mtaani anafanya nini? Anavuta waya kutoka betri moja. Basi usiku kucha betri moja inailisha redio huku mwenzake amelala usingizi. Asubuhi stata inaziita zote mbili kwa mpigo. Ile iliyokesha imechoka, na kwa kuwa umeme wote lazima upite ndani yake, uchovu wake unakuwa wa wote wawili. Watu wanasema betri zimekufa, kumbe imekufa moja. Hapo hapo baridi nayo inaipunguzia betri nguvu, wakati oili imekuwa nzito na injini inadai nguvu zaidi kuliko mchana. Ukikosa jirani wa kukubusti, umelala tena hapo hapo.

Kisha akasema kitu ambacho sidhani alikiona ni falsafa. Alisema betri haiishi kwa safari. Safarini alteneta inairudishia kile inachotoa. Betri huisha gari limekaa. Hata usipowasha kitu, iache wiki kadhaa tu, itakuwa imejimwaga yenyewe kidogo kidogo.

Nikalala na maneno hayo, au niseme nikakesha nayo, maana usingizi haukuja. Nilikuwa natetemeka, na kutetemeka, kama tulivyofundishwa shuleni, ni mwili unaofanya kazi. Misuli inachoma chakula ili damu isishuke chini ya digrii zake 37. Nimelala chali, sinyanyui hata kidole, na bado natumia. Ndiyo maana siku hizi nikisikia kwamba mtu “ameachiwa njia ya kukaa tu”, nauliza anakaa kwa gharama ya nani. Joto lililomweka Maddin hai kuanzia saa tano hadi karibu saa nane halikutoka kampuni. Lilitoka mwilini mwake, na hakuna aliyeliandika kwenye hesabu.

Utauliza, kwa nini mjomba asiwashe injini tukapata joto na betri ikajaa? Ndilo swali nililomuuliza. Injini kubwa ya dizeli ikiachwa inanguruma imesimama hula kama lita 2 hadi 3 kwa saa. Usiku wa saa 8 ni lita 16 hadi 24. Tajiri wa gari hupima mafuta kwa kilomita, akaongeza kidogo kwa ajili ya milima, akafunga mahesabu. Usiku hauna kilomita. Sasa yule anayetaka joto achome mafuta yaliyopimiwa barabara, kisha ayapate wapi? Na siku hizi imekuwa noma zaidi, maana magari mengi yana kifaa cha kufuatilia, tajiri yuko kitandani kwake Dar anaona kwenye simu kwamba injini inaunguruma na gari halisogei. Simu ya asubuhi haina salamu.

Yapo malori yaliyotumika Ulaya ambayo huja na hita ndogo ya kebini, inayochoma dizeli yake yenyewe bila kuwasha injini kubwa, na usiku mzima haimalizi hata lita 3. La mjomba lilikuwa nayo. Ilikuwa imekufa. Alipoomba itengenezwe aliambiwa huku kwetu hakuna barafu.

Tusidanganyane, tajiri naye ana kilio chake. Mafuta yananyonywa na kuuzwa barabarani kwenye madumu, kila mtu anajua, na mwenye gari moja la mkopo akiibiwa lita 100 kila safari hatafika mwaka. Akisema “usiwashe injini ukiwa umeegesha”, anaziba tundu la wizi. Ni amri yenye akili. Lakini dereva mwaminifu, yule ambaye hataki hata lita moja ya mtu, ndiye inayempata sawasawa. Mwizi anawasha, anasingizia foleni. Mwaminifu anatafuta kitu kingine, na kitu kingine barabarani kote ni jiko la mkaa. Analiingiza kebini, anapandisha vioo. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayokuja kama usingizi mtamu. Asubuhi gari limesimama salama, mafuta yametimia, mzigo haujaguswa.

Nani kamuua? Tajiri hakumwambia aingize jiko. Alimwambia asiwashe injini, basi. Msimamizi wa Maddin naye hakumwambia agande. Alimwambia akae. Jambo hili ndilo linalonisumbua kuliko kesi yenyewe: kwamba unaweza kumpeleka mtu hadi ukingoni bila kumwamuru lolote baya, kwa kumkataza tu hatua moja baada ya nyingine, mpaka iliyobaki peke yake ni ile usiyotaka kuitamka.

Wazee wataniambia subira huvuta heri. Naikubali methali, nawauliza tu subira ya nani. Ayubu anasifiwa kwa subira msikitini na kanisani, lakini katika Biblia marafiki zake, waliokuja wakaketi naye siku saba kisha wakaanza kumhubiria jinsi ya kuteseka, waliishia kukemewa na Mungu. Subira ni mali ya mwenye kusubiri. Anayo, anaweza kuitoa. Anayeidai kutoka kwenye kitanda chenye blanketi anadai kitu kingine, sijui tukiiteje.

Kuna rafiki yangu mbishi aliyenibana hapa. Akasema: mlinzi je? Si naye anaambiwa akae? Nesi wa zamu ya usiku? Nahodha? Tukimruhusu kila mtu ainuke anaposikia baridi, nani atabaki na mali za watu? Swali zuri. Lakini tazama: mlinzi tunampa koti na kibanda, na mwisho wa mwezi tunamlipa kwa huko kukaa kwake. Kumbe tunajua kwamba kukaa kuna bei! Tunasahau tu pale ambapo kukaa kumefichwa ndani ya kazi nyingine yenye jina la kwenda. Tena ghala likishika moto hakuna anayemtarajia mlinzi aungue nalo. Akitoka mbio tunasema alhamdulillahi, mtu kapona.

“Basi,” akasema, “moto unauona. Baridi utajuaje dakika ya kuondoka?”

Hapo kanishika, na sijamponyoka hadi leo. Moto una mlango: uko nje au uko ndani. Baridi ni moto wa polepole, na kwa kuwa ni wa polepole hauna dakika hata moja ambayo ukiitenga peke yake inatosha kuwa sababu ya kuinuka. Kama Maddin angeondoka saa tano na nusu, nadhani ningekuwa upande wa kampuni. Saa sita? Bado. Saa saba na dakika 18 mtu haisikii miguu yake, halafu anaambiwa avumilie, na kila dakika ya ziada ni moja tu. Nani amewahi kufa kwa dakika moja? Amri ya kungoja inapata nguvu zake hapo. Huwa haiombi saa tatu, inaomba kidogo tu, kisha kidogo tu.

Wapo wanaoshika kwamba fundi alifika chini ya dakika 15 baada ya Maddin kuondoka. Ona, wanasema, angesubiri kidogo tu. Hawa wanaisoma hadithi kutoka mwisho, kama sisi tunavyosoma kitabu cha upelelezi tukiwa tumeshachungulia ukurasa wa nyuma. Aliyekaa kebini haoni kona ya mbele. Alikuwa na mwili wake na maneno ya watu walioko kwenye joto, na kati ya viwili hivyo ilibidi aamini kimoja. Tena alirudi. Aliposikia fundi kafika, aligeuza gari akarudi kwenye tela. Mtu aliyetelekeza harudi. Huyu alikuwa bado yuko na gari.

Lakini kwa swali la dakika ipi, sina jibu la kuandika hapa. Nina usiku ule wa Makambako tu. Jirani yetu kwenye maegesho alikuwa dereva wa Kongo, anarudi Lubumbashi, na jioni tulimwona akipandisha jiko kebini kwake. Mjomba hakusema kitu. Lakini kama saa nane nikamsikia anatafuta viatu gizani, analaani, anashuka. Nikachungulia. Alikwenda kwenye lori la yule bwana akagonga mlango kwa kiganja.

“Oya, dereva! Unasikia?”

Kimya. Upepo tu. Akagonga tena, sasa kwa spana.

“Dereva!”

“Niko, papa,” sauti ikatoka ndani, nzito, ya mtu anayepanda kutoka mbali. “Niko.”

“Toa hilo jiko. Fungua kioo.”

“Papa, baridi iko mingi.”

“Najua. Fungua.”

Mjomba akasimama pale, mikono kwapani, hakuondoka. Kioo kikashuka kama vidole viwili.